Mchicha wa Uani Mchafukoge

Umewahi kung'oa mboga uliyoipanda mwenyewe, tena imestawi? Mimi jana niliung'oa mchicha wangu wote, hapa uani Mchafukoge. Miaka minne nimeulima pale ambapo zamani fundi alikuwa akivunja betri za magari. Kipande kile cha udongo ndicho kilichonituliza nikikikumbuka kihamba changu, shamba letu la ukoo kule Kibosho.

Mjukuu wangu Severa, anayesoma kemia, alipeleka majani kupimwa. Akarudi na jani la isale alilolichuma Upanga. Kwetu Wachaga, anayekuletea isale anaomba radhi, nawe huwezi kumkatalia.

"Bibi, nisamehe. Mchicha wako umefyonza risasi ya betri. Inabidi tuung'oe."

"Mchicha mgonjwa gani unanona hivi?"

"Mchicha umeifungia sumu pembeni ndani ya majani, isiusumbue. Anayeumia ni mlaji."

Nikalipokea isale. Tulipomaliza kung'oa, akasema ataninunulia ndoo na udongo safi, nipande upya barazani. Miaka yote nami nilikuwa nimeifungia hamu ya kwetu, nikihofia kumuudhi baba yake, mwanangu aliyenileta mjini kunitunza.

"Ndoo sitaki, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mwambie baba yako nataka kurudi Kibosho."