Upande wa Shahidi

Ofisini walimwita Masikio, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akisikiliza kanda za kesi na kuziandika neno kwa neno, na wenzake waliapa kwamba anaweza kumsikia shahidi akijikuna ndevu. Lakini Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, alisimama mbele ya duka la vyombo vya sauti kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Na alichofuata humo ni hedifoni tu.

Chanzo kilikuwa ukurasa mmoja. Kazi yao ina sheria: neno usilolisikia usilibuni, weka mabano, andika "haisikiki", songa mbele. Mnukuzi mzuri huweka mabano mawili matatu kwa kesi nzima. Wiki hiyo Masikio alikuwa ameweka kumi na moja katika ukurasa mmoja. Msimamizi wao, ambaye walimwita Mama Mkato kwa sababu hajawahi kuiona sentensi asiitie mkato, aliuleta ukurasa ule mezani kwake akaugonga kwa kalamu.

"Haisikiki," akasema, "au haisikiki kwako?"

Masikio akacheka. Akasema ni hedifoni, zimechoka. Mama Mkato akamkumbusha kuwa hizo zilikuwa za tatu tangu mwaka uanze. Basi akasema ni mashahidi. Mashahidi wa siku hizi wanamung'unya maneno kana kwamba wana uji mdomoni. Mama Mkato hakucheka wala hakubisha. Alimwambia kwamba Jumatatu wanukuzi wote wataandika kanda moja ya majaribio, na atakayeshindwa atahamia kwenye makabati ya majalada, huko ambako hakuna kinachosema.

Makabati hayakumtisha sana. Kilichomkosesha usingizi ni baba yake. Mzee alianza hivyo hivyo, kwa kulalamika kwamba watu wamezoea kusema chini chini. Lilitangulia sikio la kushoto, na baada ya miaka miwili la kulia likafuata. Miaka yake ya mwisho aliimaliza akiitikia kila kitu kwa tabasamu; ungemwambia nyumba inaungua, angetikisa kichwa na kusema, "Vizuri, mwanangu." Pale nyumbani ulikuwa mzaha mkubwa. Masikio aliucheka kuliko wote, na sasa kila akiukumbuka alijishika sikio.

Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo aliyewahi kuwa fundi mitambo wa bendi, na mtaa mzima ulimwita Besi, kwa sauti yake na kwa kitambi chake. Akamuuliza anataka hedifoni za namna gani. Masikio akaeleza: kubwa, za kufunika sikio lote, akae nazo kutwa bila kuumwa kichwa, na zisiwe za kudai amplifaya. Ofisini kwao unachomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, tena kompyuta kongwe. Amplifaya walishaiomba, wakaletewa kalenda ya ukutani.

Besi akamshushia pea ya kwanza, nyeusi, nzito, iliyovikwa ngozi. Masikio akaichomeka kwenye simu yake na kufungua kanda ya kesi ya ukuta, kesi ya majirani wawili iliyokwisha zamani, ambayo aliitumia kuwafundishia wageni. Aliiandika mwenyewe miaka tisa nyuma bila mabano hata moja. Kama kanda zao zote, ilirekodiwa kwa vinasa sauti viwili: wakili kulia, shahidi kushoto. Ndiyo maana kila hedifoni ya ofisini ilikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha upande wa kushoto. Huo ni upande wa shahidi.

Sauti ikamjia kwa mbali, kana kwamba mahakama ilihamia ng'ambo ya mto. Akampa Besi azivae.

"Hata mimi sisikii kitu, dada," Besi akasema. "Hizi bila amplifaya zinakunong'oneza tu. Nimekupa makusudi. Watu hununua umbo, kisha wanakuja kunitukana."

Masikio alitamani kumkumbatia. Hata yeye hasikii!

Pea ya pili ilikuwa nyepesi, isiyo na madaha. Besi akamwonyesha namba za ukinzani kwenye maboksi: ile ya kwanza omu mia tatu, hii omu thelathini na mbili. Akasema mara nyingi namba ikiwa ndogo, simu tu inatosha kuzisukuma. Masikio akavaa. Wakili akaingia kulia kwa kishindo, karibu kiasi cha kusikika akimeza mate. Kushoto, shahidi, bibi mmoja, alisikika kama yuko nyuma ya mlango. Akaongeza sauti. Wakili akapiga kelele. Bibi akabaki nyuma ya mlango. Akaomba pea nyingine, kisha nyingine. Kote bibi alikuwa palepale.

Besi akaacha utani.

"Geuza," akasema. "Ya kushoto ivae kulia. Unyonge ukihama, tutalaumu hedifoni, au kanda. Usipohama..." Hakumaliza. Akaanza kufuta kioo cha kabati ambacho kilikuwa safi.

Masikio akasema nywele zake zimesukwa jana, zitavurugika. Akasema waya utakaa vibaya. Alikuwa akitafuta sababu ya tatu pale mteja mwingine alipomwita Besi mlangoni. Akabaki peke yake na hedifoni mkononi. Akajikaza kisabuni, akazigeuza, akavaa.

Bibi akaingia. Aliingia kulia, mzima, na kikohozi chake. "Nasema polepole," alikuwa akisema, "ili huyo anayeandika aandike kama nilivyosema." Kila neno lilikuwa limenyooka. Na wakili, yule mwenye makelele, sasa alikuwa amezama kushoto, nyuma ya mlango uleule.

Mashahidi hawakuwa wakimung'unya. Masikio alizivua hedifoni taratibu na kuziweka juu ya kaunta. Aliwafikiria watu wa mwaka mzima waliosema maneno yao waziwazi mbele ya hakimu, na yeye akawafungia kwenye mabano.

Besi akarudi. Alimfungia pea ile nyepesi, kisha akazunguka hadi kulia kwake. Akamweleza kwamba kwenye kompyuta kuna mahali pa kuchanganya pande mbili ziwe moja. Ukibonyeza hapo, vyote vinapita kwenye sikio zima.

"Nani atajua?" akasema. "Mwenyewe nimeweka hivyo, tangu bendi inimalize sikio moja."

Jumatatu Masikio alibonyeza hapo. Akaandika kanda ya majaribio bila mabano hata moja. Mama Mkato akaisoma yote, hakuongeza hata mkato, akamruhusu aende zake. Masikio hakuinuka. Akautoa mkobani ule ukurasa wa mabano kumi na moja, akauweka juu ya meza.

"Hii haisikiki kwangu," akasema. "Sikio la kushoto. Na si ukurasa huu tu. Kuna kesi nyingine, tangu mwaka uanze."

Mama Mkato akauinamia ukurasa, akasema jambo kwa sauti ya chini. Masikio hakulipata. Akahisi tabasamu linampanda usoni, tabasamu la baba yake lilelile, na kichwa chake chenyewe kikaanza kutikisika. Vizuri, mama. Vizuri. Akaikaza shingo.

"Sijasikia," akasema. "Naomba urudie."

Mama Mkato akainua uso, akamtazama. Kisha akasimama, akakiburuta kiti chake kuizunguka meza nzima, akakaa kulia kwake.

"Nimeuliza," akasema, "tuanze na kesi ipi?"