Jani Lililokunjwa Mbele

Mama mshonaji alikuwa amepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, aende ugenini kumwombea kitinda mimba wake mchumba, na sasa wali ndio uliotaka kumwaibisha.

Baba wa binti, mpishi na mwenye mkahawa walimoketi, wa Wahindi wa kusini, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisimama kando ya meza na ndoo ndogo ya mchuzi wa dengu, macho kwenye jani la mgomba lililokuwa sahani ya mgeni. Kila mama alipomaliza, yeye aliongeza. Kwao jani tupu maana yake mgeni bado ana njaa. Kwa mama, kubakiza chakula cha watu ni kumtukana aliyepika. Basi wakapambana hivyo, heshima kwa heshima, mpaka gauni alilojishonea likaanza kumbana mbavu.

"Pole pole, Mama," mwanawe alinong'ona.

"Mimi au mkweo? Yeye ndiye mwenye haraka."

"Kunja jani. Ukilikunja anajua umeshiba."

"Na muda wote huu ulikuwa unangoja nipasuke?"

Akalikunja kama anavyokunja vitambaa vyake kila siku: akashika ukingo wa karibu, akausukuma mbele, makombo yasimwagikie nguo.

Binti, aliyeketi kando ya mama, akaziba mdomo. Mpishi akaiweka ndoo chini.

"Nini tena?"

"Linakunjwa kuja kwako, Mama." Kijana alimwinamia sikioni. "Kulisukuma mbele ni desturi ya msibani. Ni kusema chakula hiki kisirudi tena. Mwaka jana tu mzee alimzika mkewe."

Mama aliogopa, tena si kidogo. Safari yote ile, maombi yote yale, na ni mkono wake mwenyewe uliomharibia mtoto! Mpishi hakumtazama yeye wala binti yake. Alilitazama jani.

"Mwambie nimekosa mimi, si wewe. Aniletee jani jipya, nile upya toka mwanzo."

"Utaumwa, Mama."

"Nitaumwa kwetu. Tafsiri!"

Kijana akatafsiri. Mpishi akaingia jikoni, akakawia. Binti alianza kulia kimya kimya, na mama akamshika mkono chini ya meza, asiuachie.

Mpishi akarudi na majani mawili. La kwanza akalitandika mbele ya mama na kulitilia kijiko kimoja tu cha wali. La pili akalitandika upande wa pili wa meza, akavuta kiti, akakaa. Ndipo akasema.

"Anasema mgeni wanamhudumia wakiwa wamesimama," kijana alitafsiri, machozi yakimlenga. "Mkwe wanakaa naye."

Mama akala kile kijiko hadi punje ya mwisho. Kisha akalikunja jani kuja kwake, makombo yakammwagikia kwenye gauni, wala hakuyapangusa.