Clement Alitoka Ngwe ya Saba

Katika jengo lao pale Riverdale Park, nje kidogo ya Washington, hata asiyetazama mchezo alijua timu za Washington zinaendaje, kwa sababu Ghalib alimwambia. Aliwaambia watu kwenye lifti, kwenye chumba cha kufulia, na hata akiwa amepiga magoti kutengeneza kiyoyozi cha mtu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alizaliwa Unguja, lakini miaka aliyoishi Marekani ilimfanya awe mgonjwa wa timu mbili: Nationals wa besiboli, na Commanders wa ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na kugongana vifua.

"Mji huu una watoto wawili," alikuwa akisema. "Commanders ndiye mtoto wa kiume mlevi. Kila akianguka, nyumba nzima inatoka mbio kumwokota. Msimu mmoja kaacha pombe, kafika hatua moja kabla ya fainali, watu wakalia kwa furaha. Msimu wa pili karudi mtaroni. Nationals ni binti mpole. Alileta kombe nyumbani mwaka 2019, wakamshukuru kwa kuwauza nyota wake mmoja mmoja. Leo hakuna anayemuuliza hata kama kala."

Mtu pekee aliyembishia bila kuchoka alikuwa Clement, jirani wa ghorofa ya chini, mwenyeji wa Dodoma. Clement alipoingia Marekani alifikia Baltimore, mji wa jirani, na ingawa alihama zamani, moyo aliuacha kule: Orioles kwenye besiboli, Ravens kwenye mpira wa kofia. Alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, huku akitaka kuwa nesi kamili. Mtihani wa leseni alikuwa ameufanya mara mbili, na mara zote mbili ulimshinda. Mkewe, Vumilia, alilijua hilo, na Ghalib pia. Clement alimweleza wakiwa wameketi garini, akamwomba yaishie hapo hapo.

Jumamosi moja ya kiangazi, Nationals waliwakaribisha Orioles. Ghalib alikwenda na binti yake Yumna, mwanafunzi wa chuo kikuu pale College Park, na Clement akafuatana nao. Walipanda treni ya mstari wa kijani hadi uwanjani, kando ya Mto Anacostia. Baba na binti walivaa jezi nyekundu. Clement alivaa ya chungwa, kama maelfu ya watu wa Baltimore waliojaa uwanjani siku hiyo.

Mchezo ulianza vizuri kwa Clement. Orioles waliongoza mapema, na kila walipopata alama alimgeukia Ghalib na kumuuliza, "Binti mpole leo kala?" Yumna akacheka. Ghalib akatabasamu kwa midomo tu. Alasiri nzima alivumilia, jua likimchoma shingo. Ndipo katika ngwe ya saba, katika zile tisa za mchezo, Nationals wakaamka. Mpira mmoja ulipita katikati, wa pili ukagonga ukuta, wakimbiaji wakaingia nyumbani na kuandikiwa alama, na uwanja mzima ukasimama. Wenyeji wakawa mbele.

"Bado," alisema Clement. "Zimebaki ngwe mbili."

"Hebu sikiliza nikwambie watu wa Baltimore walivyo," alisema Ghalib, na sauti yake iliwafikia watu wa safu tatu. "Nyinyi ni watu wa mazoezi. Ravens wanawachapa watu msimu mzima, ikifika mechi ya mtoano magoti yanagongana. Na Orioles vile vile. Ikifika siku ya mtihani, kalamu inawadondoka."

Yumna alicheka tena, na kile kicheko kikamtia Ghalib moto.

"Ndiyo maana unawapenda, bwana. Mmefanana. Mara mbili umeingia chumba cha mtihani, na mara mbili..."

Alinyamaza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Yumna aliacha kucheka, akawatazama wote wawili. Clement alikodoa macho uwanjani kama mtu anayefuatilia mchezo. Kisha akaweka mfuko wake wa karanga chini ya kiti, taratibu, akasimama.

"Kaa, Clement. Utani tu."

"Utani wa timu naujua," alisema Clement. "Huu siyo wa timu."

Akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

"Baba, you should go after him," alisema Yumna.

"Atarudi. Kaenda kununua soda."

Hakurudi. Ngwe ya saba ikaisha, ya nane ikaanza, na kiti chake kikabaki kitupu. Ghalib alitazama kule kwenye ngazi mara kwa mara. Alikuwa anatunga maneno ya kumwomba radhi, yawe maneno ya haraka yasiyouma sana, ndipo aliposikia milipuko.

Pa. Pa. Kisha mingi pamoja.

Jambo la kwanza alilofikiri ni fataki, zile za sherehe ya mpira kuvuka ukuta. Lakini hakuna mpira uliovuka ukuta. Mrusha mpira alikuwa amesimama kwenye kilima chake, amegeuza kichwa kutazama upande wa barabara. Ghalib akaona watu wa jukwaa la mkono wa kushoto wakiinama, safu moja, halafu ya pili, halafu zote, kama majani upepo unapopita. Wachezaji wakakimbia. Alipowaona wale vijana wenye miili ya chuma wakikimbia, ndipo alipoamini kwamba ni risasi.

"Baba, get down!"

Yumna alimvuta shati. Wakajibana chini ya viti, mashavu yao yakiwa juu ya sakafu iliyomwagikiwa soda. Mama mmoja mbele yao alikuwa amewalalia wanawe wawili, akisema jina la Yesu bila kupumzika. Mtu akapiga kelele kwamba wako ndani. Mwingine akasema hapana, wako getini. Hakuna aliyejua. Ghalib alisubiri kusikia mlio wa karibu zaidi. Kila kiatu kilichopita kwenye ngazi alidhani ni cha muuaji.

Sauti ya vipaza sauti ikasema kumetokea tukio nje ya uwanja, watu wabaki ndani.

Nje.

Clement alikuwa nje.

Ghalib alitoa simu, akampigia. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Mara ya tatu haikuita kabisa.

"Namfuata," alisema, akainua kichwa.

Yumna alimshika jezi kwa mikono miwili. "Baba, usiende. Usiniache." Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu utotoni alijibu kwa Kiingereza tu.

Ghalib akarudi chini. Na alipolala tena kwenye ile sakafu, alijua kwamba hakurudi kwa ajili ya binti yake peke yake. Alifurahi kuzuiwa. Mwili wake wote ulikuwa ukimwomba asiende.

Simu ikalia mkononi mwake, akakaribia kuitupa. Alikuwa Vumilia.

"Shemeji! Nimeona habari wanasema kuna risasi huko. Clement hapatikani. Mko naye, siyo?"

Ghalib alifungua mdomo. Aliliona lile neno "hapana", akaiona na sauti itakayolifuata, kilio cha mke wa mtu, na swali: alitoka kwa nini?

"Tuko naye," alisema. "Ameenda... ameenda chooni. Tuko salama."

"Mungu mkubwa! Mwambie anipigie akitoka."

"Nitamwambia."

Yumna alikuwa akimtazama, uso wake karibu na wa baba yake. "Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Ningemwambia nini?"

"The truth, Baba."

Ghalib aliigeuza simu kifudifudi. Alilala pale akisikiliza ving'ora vikikusanyika upande wa barabara, na kila king'ora alikihesabia Clement.

Hatimaye mageti yalifunguliwa, na askari wakawaelekeza watu upande wa mtoni. Jua lilikuwa bado liko juu, mchana mweupe, jambo lililomfanya Ghalib ajihisi vibaya zaidi, kama kwamba mambo ya namna hii yalipaswa kutokea gizani. Badala ya kufuata umati, alimshika Yumna mkono, wakauzunguka uwanja hadi walipozuiwa na utepe wa njano. Lami ilikuwa imetapakaa vikombe, kofia, na kiatu kimoja cha mtoto.

Machela ilikuwa ikitolewa katikati ya magari mawili. Aliyelala juu yake alikuwa mwanamume mweusi, mnene kidogo kama Clement, mwenye jezi ya chungwa. Uso wake ulifunikwa na kifaa cha kupumulia.

Ghalib aliuachia mkono wa Yumna. Alitaka kupita chini ya utepe, askari akamzuia kifuani kwa kiganja. Kwa muda usioeleweka alimtazama mtu yule akisukumwa, na alichofikiri kilikuwa cha aibu: kwamba maneno ya mwisho aliyomwambia Clement yalihusu mtihani. Kisha mkono wa yule mtu ukaanguka pembeni ya machela, na chini ya kiwiko ngozi yake ilikuwa na mchoro mkubwa wa nanga. Clement hakuwa na mchoro.

"Siyo yeye," alisema Yumna, akaanza kulia. "Siyo yeye, Baba."

Ghalib alisema alhamdulillah, akaikumbuka nyumba nyingine mahali fulani ambako simu ilikuwa inaita, neno likamkwama nusu.

Ndipo ilipoingia namba asiyoifahamu.

"Ghalib." Ilikuwa sauti ya Clement, ndogo, kama inatoka ndani ya pipa. "Nimeazima simu ya mtu. Nimempigia Vumilia kwanza, maana namba yake ndiyo niliyo nayo kichwani. Akanipa yako. Ananiambia niko chooni."

Ghalib akakaa chini ukingoni mwa barabara.

"Uko wapi?"

"Jikoni kwenye mgahawa. Njooni mnichukue. Siwezi kutoka peke yangu."

Mgahawa ulikuwa mtaa wa pili. Mpishi aliwafungulia mlango wa nyuma baada ya kuwauliza majina mara mbili. Ndani, watu kumi na kitu walikuwa wameketi sakafuni baina ya magunia ya viazi. Clement alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono imekumbatia magoti. Alisimulia kwa vipande. Alikuwa akielekea kwenye treni. Watu wa magari mawili walikuwa wakizozana kwa kupigiana honi, kisha vioo vikashuka. Mtu aliyekuwa mbele yake akaanguka. Yeye akakimbia, simu ikaanguka, hakuiokota. Mpishi mmoja akamvuta ndani kwa ukosi wa jezi.

"Sikumsaidia," alisema. "Yule aliyeanguka. Nilimruka. Kazi yangu ni kuwainua watu, Ghalib, na mimi nilimruka."

Hakusimama. Ghalib akaona kwa nini: suruali yake ilikuwa imelowa mapajani, na hakikuwa kinywaji, wala damu. Yumna alikuwa ameshaliona hilo, akageukia mlango kama anayezungumza na mpishi. Ghalib alivua jezi yake nyekundu, akabaki na singilendi, akamfunga Clement kiunoni kwa mikono ya jezi, mbele, kama anavyofungwa mtoto aproni. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa watu hao wawili kukaa karibu namna ile bila Ghalib kusema kitu.

"Nilitoka kwa sababu ya maneno yako," alisema Clement.

"Najua."

"Hukupiga risasi wewe. Lakini nilitoka kwa sababu ya maneno yako."

"Najua, Clement. Nisamehe."

Clement alitikisa kichwa, na Ghalib hakuelewa kama ile ilikuwa ndiyo au bado.

Kwenye treni, chupa ya mtu ilidondoka ikabiringika, na behewa zima likaruka. Walipofika nyumbani, Vumilia alikuwa amesimama nje ya mlango wa jengo. Alimshika mumewe uso, akampapasa mabega, mgongo, mikono, kama anayetafuta kitu kilichopungua. Kisha akamgeukia Ghalib.

"Uliniambia yuko chooni."

"Niliogopa, shemeji."

"Nilikaa nikipika," alisema Vumilia. "Uliponiambia vile niliweka simu chini, nikawa napika, naimba. Je, angekuwa amekufa? Ningekuwa naimba." Akamwingiza mumewe ndani, na mlango ukafungwa.

Wiki kadhaa hawakubishana. Mchezo ule ulimaliziwa siku nyingine na Ghalib hakutaka hata kujua matokeo. Kwenye lifti watu walimuuliza timu zinaendaje, akajibu kwamba hakutazama. Yumna aliacha kukaa na mgongo wake ukielekea mlangoni, popote pale, hata nyumbani.

Septemba ilipofika, msimu wa mpira wa kofia ukaanza. Tiketi za mechi ya Commanders kule Landover Ghalib alikuwa amezinunua tangu masika, mbili, yake na ya Clement. Alidhani Clement atakataa. Clement aligonga mlango asubuhi ya Jumapili, amevaa koti la kawaida lisilo na rangi ya timu yoyote.

"Twende tujaribu," alisema.

Walifika hadi kwenye uwanja wa kuegesha magari. Moshi wa nyama choma ulitanda, ngoma zilipigwa, watu walicheka kwa sauti kubwa. Ghalib alizima gari. Akashika kitasa cha mlango, akakiachia. Akakishika tena.

"Mimi siwezi," alisema.

"Hata mimi," alisema Clement. "Nilikuwa nasubiri uanze wewe."

Wakafunga vioo, wakafunga na milango kwa ndani, wakawasha redio kusikiliza mechi iliyokuwa ikichezwa mbele ya macho yao, nyuma ya ule ukuta wa uwanja.

"Haya, sema," alisema Clement. "Unawaonaje mwaka huu?"

Ghalib alifikiri. Alilipima kila neno kabla ya kulitoa. "Safu yao ya nyuma ni nyepesi. Wakikutana na timu inayorusha mbali, watateseka."

"Hapo ni kweli."

"Lakini wana moyo."

Clement alikuwa anataka kumjibu, na katika pembe ya mdomo wake kulikuwa kumeanza kuonekana kitu kama cha zamani, wakati mtu wa gari la jirani alipobamiza buti. Paa! Wote wawili walikuwa wameshainama kabla hawajajua ni nini, vichwa chini ya dashibodi, mkono wa mmoja juu ya mgongo wa mwenzake. Wakabaki hivyo hivyo, wakihema, na redio ikaendelea kuutangaza mchezo.