Kiti cha Kushoto

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa baridi, kama ndugu wawili waliogombana wakalazimishwa kukaa benchi moja.

Watu wanne walisimama katika yadi ya magari ya kukodi, ugenini, wakilitazama gari la kulala lenye rangi ya maziwa. Lilikuwa na vitanda vinne, jiko dogo la gesi, sinki la ukubwa wa bakuli na mapazia ya maua. Hiyo ndiyo ingekuwa nyumba yao kwa siku arobaini, katika nchi tatu.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mwenye shule ya udereva. Nusu ya madereva wa mji wao walipita mikononi mwake. Wa pili alikuwa mke wake, ambaye mji mzima ulimwita Karani, kwa kuwa ndiye aliyekaa katika ofisi ya shule hiyo akigonga mihuri kwenye vyeti. Aligonga vyeti vya wenzake kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kushika usukani yeye mwenyewe. Leseni yake ilikuwa na umri wa miezi miwili. Aliipata katika shule ya jirani, maana mganga hajigangi, na mume akimfundisha mkewe gari, mmoja wao hurudi nyumbani kwa miguu.

Wa tatu alikuwa Mama Dobi, shoga wa Karani tangu shule ya msingi, mwenye duka la kufulia nguo. Wa nne alikuwa daktari wa meno, rafiki wa Mwalimu, aliyeitwa Ganzi hata na wagonjwa wake. Mama Dobi na Ganzi walikuwa watani. Hakuna aliyewahi kuwasikia wakijuliana hali bila kutupiana dongo.

Kabla ya safari Karani aliandika karatasi yenye mistari minne, mstari mmoja kwa kila mtu, na kila mtu akataja jambo moja asilotaka kulikosa. Mama Dobi alitaka kuelea juu ya ziwa la chumvi. Ganzi alitaka kupanda puto. Mwalimu alitaka kugusa barafu ya mlimani. Karani alitaka kuliendesha gari, yeye mwenyewe, kwenye njia ya mlima yenye kona thelathini na sita. Wote wanne walitia saini. Mwalimu alitia saini haraka kuliko wote, kama mtu anayeahidi jambo la mwaka ujao.

Mwanamke mwenye magari, aliyevaa buti za mpira, aliwapa ufunguo na fomu yenye nafasi za madereva wawili. Karani alijaza nafasi ya pili kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini.

"Dereva wa akiba," Mwalimu alisema.

"Hata tairi la akiba huwa na siku yake, shemeji," Mama Dobi alijibu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na ni lazima yaelezwe kwa utaratibu. Kwao, usukani huwa kulia. Katika nchi hii ulikuwa kushoto. Mtu angedhani kwamba Mwalimu angesumbuliwa na upande wa barabara. Hakusumbuliwa nao hata kidogo. Alisumbuliwa na kiti. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amekaa kiti cha kushoto, ambacho kwao ni kiti cha mwalimu. Alikaa hapo akiwa ameweka mikono mapajani na mguu kwenye breki yake ya ziada, akimwamuru mwanafunzi aliyekuwa kulia kwake. Mwili wake ulikijua kiti hicho kama ulimi unavyoyajua meno. Siku hiyo alipoketi kushoto, mwili ulitulia. Ulijiona umefika kazini.

Walifika kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara. Magari yalikuwa mengi. Mwalimu alitazama vioo vyote vitatu, akaitoa mikono yake kwenye usukani, akaiweka mapajani, kisha akamgeukia mkewe aliyeketi kulia kwake.

"Kata kulia," alisema kwa upole wa kazini. "Polepole. Usiogope."

Karani alikuwa ameshika ramani na pakiti ya karanga.

"Nikate nini?"

"Usukani! Kata usukani!"

"Mume wangu, usukani uko kwako!"

Mguu wa Mwalimu, ambao haukuwahi kumwangusha mtu, ulikanyaga breki. Gari likasimama papo hapo. Karanga ziliruka gari zima. Basi lililokuwa nyuma lilipiga honi ndefu iliyomaliza pumzi ya watu wote. Ganzi aliteleza kutoka kitandani hadi sakafuni, akabaki huko akicheka.

"Mwalimu," aliuliza kutoka chini, "huyo mwanafunzi wako umemwandikisha lini?"

Basi ikawa hivyo kwa siku kumi na nane. Barabara ilipokuwa nyoofu na tupu, Mwalimu aliendesha vizuri kabisa. Hatari ilipotokea, aliacha kuwa dereva akawa mwalimu. Bata walipovuka barabara, alimwambia Karani apunguze mwendo. Trekta lilipochomoza, alimwambia Karani atoe ishara. Mama Dobi alijipa kazi ya kukaa nyuma yake na kupiga kelele, "Mikono!", na Mwalimu alipousikia mwito huo alishtuka na kuudaka usukani kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Utaratibu huo uliwafikisha mbali. Uliwafikisha pia kwenye shamba la maboga, lakini kwa muda mfupi.

Matakwa yalitimia moja baada ya jingine. Mama Dobi alielea juu ya ziwa la chumvi kama kipande cha sabuni, akakataa kutoka mpaka vidole vikakunjamana. Ganzi alipanda puto, akaketi sakafuni mwa kikapu akiwa amefumba macho. Nchi nzima ilipita chini yake bila kuonwa.

"Hutasikia kitu, baba," Mama Dobi alimwimbia huko juu. "Ni kama kuumwa na sisimizi tu. Si ndivyo unavyotuambia?"

Mwalimu naye aligusa barafu. Aliigusa kwa kiganja chote, akasema, "Ni baridi," akaridhika.

Ukabaki mstari wa Karani. Kila asubuhi aliomba usukani walau kwa mazoezi, na kila asubuhi alipewa sababu. Siku moja ilikuwa mvua. Siku nyingine jua lilikuwa likiingia machoni. Siku nyingine kulikuwa na kondoo.

"Leo ni Jumapili," Mwalimu alisema siku ya kumi na tatu.

"Jumapili ina nini?"

"Watu wanaendesha ovyo."

"Watu gani? Barabara hii tuko sisi tu."

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Alicheka, maana alikuwa na mume mcheshi na alikuwa amempenda kwa hilo. Lakini kila siku kicheko chake kilipungua kidogo. Njia ya kona thelathini na sita ilikuwa siku ya kumi na tisa. Baada yake safari yote ilikuwa tambarare mpaka mwisho. Karani alikuwa ameshawaidhinisha watu elfu tatu kwa muhuri wake, na yeye alitaka jambo moja tu. Mtu aliyewafundisha wote hao akae kiti cha abiria, mkewe aendeshe, na wafike. Wakipanda mlima huo akiwa ameshika ramani, hakutakuwa na mlima mwingine.

Siku ya kumi na tisa ilianza bila wingu. Bila mvua, bila kondoo, na ilikuwa Jumamosi. Mlima ulisimama mbele yao na barabara imekunjwa juu yake kama kamba ya kuanikia iliyotupwa. Karani aliamka mapema, akavaa viatu vya kamba, akasimama upande wa kushoto wa gari. Alimkuta Mwalimu ameshaketi.

"Kona mbili tatu za mwanzo tu," Mwalimu alisema. "Nionje barabara. Kisha nakupa."

"Barabara si mchuzi," Karani alisema. Lakini alizunguka akaketi kulia.

Hawakumaliza hata kona ya kwanza. Lori la maziwa lilitokea juu yao likishuka, refu, linalong'aa, likihitaji nafasi kubwa ya kupinda. Mwalimu alitazama vioo vyote vitatu. Kisha mikono yake ikarudi mapajani, taratibu, kama kuku warudio bandani.

"Sogea pembeni," alimwamuru mkewe. "Mpishe mwenzako."

"Mikono!" Mama Dobi alipiga yowe.

Breki ililia. Gari lilisimama katikati ya barabara. Lori nalo lilisimama, pua kwa pua, na vyombo vyote jikoni viliendelea kulia peke yavyo. Hakuna aliyeumia. Dereva wa lori, mzee mwenye kofia ya sufu, alishuka. Aliwachungulia dirishani. Alimtazama Mwalimu aliyekaa kwa adabu, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri chai. Akautazama usukani ambao haukuwa na mtu. Akasema maneno machache kwa lugha yake ambayo hayakuhitaji mkalimani.

Nyuma yao foleni ilianza kujipanga.

"Nadhani tugeuze," Mwalimu alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kuna njia ya bondeni. Ni ndefu kidogo, lakini tutafika."

Karani alifungua mlango, akashuka, akapita mbele ya gari, akamsalimia dereva wa lori kwa kichwa, akaufungua mlango wa mumewe.

"Sogea."

"Mke wangu, mlima huu huujui."

"Kwani wewe unaujua?"

"Una miezi miwili tu barabarani."

"Ndiyo. Sina la kusahau. Sogea, baba."

"Mwalimu, shuka," Ganzi alisema kutoka nyuma. "Hata jino lililooza huwa linatoka kwa heshima kuliko hivyo."

Mwalimu alishuka. Alizunguka gari kwa hatua za mtu anayeenda kusaini barua ya kuhamishwa, akaketi kulia. Karani alirekebisha kiti, kioo cha ndani, vioo vya pembeni. Alisubiri foleni impe nafasi, akarudi nyuma kidogo, akampisha mwenye maziwa, akapewa saluti. Kisha akaingiza gia ya kwanza.

"Kona ya kwanza!" Mama Dobi alitangaza.

Ya pili ilikuja, na ya tatu. Kiti cha kulia kilimfanyia Mwalimu kioja kipya. Kwao, hicho ndicho kiti cha dereva. Mikono yake iliinuka ikashika usukani ambao haukuwapo, ikawa inakata hewa kila kona, kushoto na kulia, kwa bidii kubwa.

"Tuna madereva wawili sasa," Ganzi alisema. "Tutafika mara mbili."

Karani alicheka bila kuondoa macho barabarani. Kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba kati ya ofisi yake na darasa, na kwa miaka kumi na mmoja somo lote lilikuwa limepenya humo. Alilijua kwa moyo. Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Tazama unakokwenda, usitazame unakoogopa. Alisema maneno hayo kwa sauti ndogo, na gari likamtii.

"Kumi na nne! Kumi na tano! Shoga, unaua!"

Kona ya ishirini na mbili ilikuwa kali kuliko zote. Mbele yao waendesha baiskeli watatu walisimama ghafla. Karani alisimama pia, na injini ikazimika. Gari lilikuwa kwenye mwinuko mkali. Lilijirudisha nyuma kiasi cha shibiri moja. Mkono wa Mwalimu uliruka kuelekea breki ya mkono.

"Mkono!" Karani alisema, kwa sauti ambayo hakujua anayo.

Mkono uliganda hewani. Kisha Mwalimu alifanya jambo ambalo baadaye Ganzi alilisimulia kila walipotua. Aliiweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia. Akafumba mdomo. Jasho lilimtiririka.

Karani alivuta breki ya mkono. Aliwasha injini. Aliachia klachi kidogo kidogo mpaka gari likatetemeka kama mtu anayetaka kupiga chafya, akaongeza mafuta, akaachia breki. Gari lilipanda. Halikurudi hata unywele mmoja. Waendesha baiskeli walipiga makofi, na Mama Dobi akatoa vigelegele vilivyorudi kutoka upande wa pili wa bonde.

Kuanzia hapo walihesabu kona wote wanne, Mwalimu pia, mikono ikiwa bado chini ya mapaja. Thelathini. Thelathini na moja. Walipofika thelathini na tano sauti ya Mama Dobi ilikuwa imekauka, akawa anaonyesha namba kwa vidole. Kona ya thelathini na sita ilifunguka kwenye uwanja wa kokoto, upepo mkali, na kibanda kinachouza vinywaji vya moto. Karani aliegesha gari ndani ya mistari, akazima injini, akageuka.

Mwalimu alitazama vioo vyote vitatu.

"Umefeli," alisema.

Gari zima lilipiga kelele.

"Kona ya tisa na kona ya kumi na tisa hukutazama kioo cha kulia," aliendelea, bila kutikisika. "Injini imezimika mara moja. Umemgombeza mtahini. Siwezi kukupa cheti."

"Sawa," Karani alisema. Macho yake yalikuwa yakicheka. "Na nani atalishusha gari upande wa pili?"

Mwalimu aliitoa mikono yake chini ya mapaja na kuitazama. Ilikuwa imekufa ganzi.

"Wewe," alisema. "Nani mwingine?"

Ganzi alishuka, akanunua vikombe vinne vya maziwa ya moto, akamwaga viwili kwa kicheko. Mama Dobi alikunywa vyote viwili vilivyobaki, akapanda kitandani, akalala kabla gari halijaondoka. Mwalimu alikaa kiti cha kulia, akavua viatu, akatazama bonde mpaka chini. Karani alitazama kioo cha kulia, akatazama tena ili aonekane, akaingiza gia.