Mama Mdogo Tekla Aomba Kubebwa

Scolastica alikuwa akipukuchua mahindi nje ya nyumba yake, kijijini Nambis, wakati mama yake mdogo Tekla alipoingia uani. Tekla alikuwa mtoto wa miaka tisa, vilevile alivyokuwa alipokufa kwa tauni enzi za Mwingereza, kabla Scolastica hajazaliwa. Scolastica, mwenye mvi kichwa kizima, alimtambua kwa macho. Yalikuwa ya marehemu mama yake.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Umepona hiyo tauni?”

“Nimepona. Daktari amesema siwezi kumwambukiza mtu.”

“Sasa mbona unapukuchua peke yako?”

Scolastica alichukua hindi jingine. Tangu atoke hospitali, majirani walimsalimia wakiwa barabarani. Mwanawe Patriki alipiga simu kutoka Arusha, akasema atakuja mambo yakitulia. Wifi yake Natalia alileta maziwa, akayaacha juu ya jiwe, akaenda zake.

Tekla akakaa, akavuta hindi. Jioni alimsuka Scolastica nywele, kisha akapapasa kovu la mtoki wa tauni kwapani mwake, taratibu. Scolastica alifumba macho. Hakuwa ameguswa na mtu tangu aachane na manesi.

“Mimi walinitoa nje, nyumba ikachomwa,” Tekla alisema. “Nikawekwa kwenye kibanda porini. Mama alikuwa ananisukumia kibuyu cha maji kwa mti mrefu. Kiu haikunisumbua sana. Nilitaka anibebe.”

Kesho yake Scolastica aliinama, Tekla akapanda mgongoni, akafungwa kanga. Magoti yalimuuma, lakini alitembea. Bombani walimkuta Natalia.

“Huyu ni mama mdogo, yule aliyekufa kwa tauni,” Scolastica alisema.

“Nilisikia habari zake,” Natalia alisema. “Shikamoo, mama. Za huko?”

“Marahaba. Huko ni salama. Njoo umpokee mwenzako, nimemlemea.”

Natalia alimtazama Tekla kwa huruma, hata machozi yakamlengalenga. Kisha akajitwika ndoo yake, akaingia kwenye shamba la maharage, akasimama mbali mpaka wapite.

“Poleni na safari,” aliwaambia kutoka huko.

“Asante, wifi.”

Scolastica akakaza fundo la kanga. Walipofika mteremkoni, Tekla alikuwa ameshalala.