Mikono ya Mtu Aliyesahau

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: mtu akisahau jina la mke wake, mikono yake nayo husahau?

Hilo ndilo lililomkaa Fundi rohoni mchana ule. Alikuwa kwenye cherehani yake, na mdogo wake kamwekea filamu kwenye simu, simu yenyewe wameiegemeza kwenye kopo la vifungo. Begi la mdogo mtu lilishafungwa, liko mlangoni. Gari lake la kurudi kwake ni saa kumi. Wiki mbili nzima Fundi alitafuta namna ya kumwambia abaki, maana wote ni wajane na nyumba ina vyumba vitatu. Kila akifungua mdomo, linatoka jambo la chai.

Filamu ilikuwa ya kutia roho juu. Mwanamume kagongwa kichwani, hakumbuki kitu, na polisi wanasema ameua. Mkewe kaja hospitalini.

"Sikujui," akasema mwanamume, uso mkavu kama ubao. Ila mkono wake ukasogeza kikombe upande wa kushoto wa yule mama.

"Simamisha!" Fundi akaruka. "Rudisha nyuma! Umeona? Mkewe ni mashoto. Kichwa kimesahau, mkono haujasahau."

"Au mwongo tu, anajifanya."

"Mwongo angeutupia jicho mkono wake. Huyu hata hakuuangalia. Kuigiza huko ni ufundi, mdogo wangu, si mchezo."

Wakarudisha mara ya tatu, mara ya nne.

"Dada, kwa mwendo huu muuaji tutamjua mwakani."

Mbele kidogo mwanamume akauliza, "Sasa mimi nikae na nani?" Yule mama hakulia, wala hakupandisha sauti. Alimfunga kifungo cha shati, kimoja tu, akasema, "Kaa na mimi. Kukumbuka niachie mimi."

Fundi akasimamisha tena. Kalisemaje lile neno likaingia hivyo? Akalijaribu kwa sauti ya chini. Mdogo wake akalijaribu kwa kilio, mkono kwenye paji la uso, akajibwaga juu ya vitambaa.

"Ondoka hapo! Ungekuwa wewe, mgonjwa angekimbia na dripu yake."

Wakacheka mpaka machozi. Ndipo mdogo mtu akainua gauni lililokuwa kwenye cherehani. "Na huyu uliyemshonea mikono kinyume, anatembea kurudi nyuma?"

Kweli, mkono wa kulia ulikuwa kushoto. Fundi akachukua kifumulio, lakini hakufumua. Alikuwa bado anawaza: yule mama hakuzunguka. Hakutafuta maneno makubwa. Alisema, basi.

Saa tisa na nusu. Mdogo wake akajifuta macho, akavaa viatu, akashika begi.

"Haya dada, mwisho utanisimulia."

"Chai..." Fundi akaanza, akajikatiza mwenyewe. Akaweka kifumulio mezani.

"Usiende, mdogo wangu. Nataka tuishi wote hapa."