Uzi Mwekundu kwenye Valvu

Mashaka yangu nimeyapata kwa jasho. Miaka tisa nimebeba mafuta ya mawese kutoka Bengamisa mpaka Kisangani, madumu manne nyuma ya baiskeli, na katika miaka hiyo nimeibiwa kengele, pampu, hata tandiko nikiwa nimelala pembeni mwake. Siku moja niliuziwa dumu lililokuwa na mafuta juu na maji matupu chini. Basi mtu akinichekea kabla hatujasalimiana, mimi hushika mfuko wangu kwanza. Karima, mke wangu, husema mama yangu alinizaa jicho moja likiwa wazi.

Ndiyo maana, siku tairi langu lilipokutwa laini, sikufikiria mwiba. Nilifikiria mtu.

Yalikuwa yamebaki majuma matatu kufika mashindano ya baiskeli za milimani. Njia ilikatwa msituni, ng'ambo ya daraja la mto Tshopo, kando ya barabara ya Bengamisa: mizizi, matope mekundu, magogo mawili juu ya kijito, na mteremko mmoja wa mawe na mizizi ambao sisi wenyewe tuliupa jina la Ngazi. Mizunguko mitano. Mshindi, mmoja tu, angechukuliwa na timu ya Kinshasa, alale kambini, ale kwa wakati, aendeshe baiskeli isiyobeba chochote isipokuwa yeye mwenyewe. Mgongo wangu ulikuwa unaniuma tangu mvua za mwaka jana. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni aibu kusema.

Klabu ya mtaa wetu, Kabondo, ilipewa baiskeli mbili. Moja ilikuwa yangu, ya pili ya Franck. Huyu Franck ni mtoto wa wavuvi wa Isangi, na kazi yake ni toleka: anabeba abiria mjini juu ya kiti cha sponji nyuma ya baiskeli. Tulikuwa tukila sahani moja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikaa miezi minane Bunia kwa dada yake, akaendesha kwenye vilima na watu wanaojua mambo hayo. Baiskeli zetu zililala katika karakana ya tonton Zakaria, mdogo wa marehemu baba yangu, ambaye hufungua mlango mara tu akitoka kuswali alfajiri.

Siku ya kwanza ya mazoezi Franck aliinama, akabonyeza tairi langu kwa kidole gumba.

"Idrissa, toa hewa. Nusu hivi. Mule kwa mizizi, pneu inapashwa kuwa laini."

Sisi wabeba mizigo tuna sheria moja: tairi liwe gumu kama jiwe. Tairi laini chini ya madumu manne linakula rimu, linapasua mpira wa ndani, linakuacha kilometa ya thelathini unalia peke yako. Hilo hafundishwi mtu, anazaliwa nalo.

"Weye unataka nifike Kinshasa mwaka kesho?" nikamjibu, na karakana nzima ikacheka mpaka tonton Zakaria akaweka spana chini. Franck naye alicheka kidogo. Kisha hakulisema tena neno hilo. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza, maana mtu anayenyamaza haraka hivyo ana neno tumboni.

Jumanne iliyofuata niliteremka Ngazi bila kugusa chini kwa mguu, kwa mara ya kwanza. Nilijisifu njia nzima. Tulipotoka msituni na kushika barabara ya kurudi mjini, baiskeli ikawa nzito kama imepakiwa. Nikabonyeza tairi, kidole kikazama. Damu ilinichemka hadi masikioni. Nilipampu palepale huku nikitukana watu nisiowajua.

Kesho yake tena. Tonton Zakaria alizamisha mpira wa ndani katika beseni la maji, akaungoja utoe mapovu. Hakuna hata moja.

"Chambre iko muzima," alisema. "Hii hewa ilitoka na mukono ya mutu."

Mkono wa nani? Kwa siku moja nilimshuku hata yeye tonton, Mungu anisamehe, kwa kuwa ufunguo ulikuwa wake. Halafu nikaanza kumtazama Franck. Alikuwa anateremka Ngazi kila siku bila kuanguka, akipiga mluzi. Matairi yake yalikuwa laini, lakini nilidhani ni uvivu wa kupampu, na kwamba mwili wake mwepesi unamruhusu. Basi kilichokuwa kinamshikilia kwenye mizizi ni nini? Nikafikiria dawa. Watu wa mtoni wana mambo yao, nilijiambia. Asubuhi moja nilinusa tandiko lake nikitafuta harufu ya majani. Lilinuka jasho.

Karima ana cherehani. Nilimwomba uzi mwekundu, nikaufunga kuzunguka kifuniko cha valvu, fundo dogo ambalo mtu mwenye haraka hangeliona.

"Velo unaifunga uzi," Karima alisema, "na mie bibi yako hata pete haujanunua."

"We acha. Mwizi atajikamata ye mwenyewe."

Asubuhi tatu mfululizo uzi ulikutwa umekatika na tairi laini. Ya nne nilitangulia, nikajificha nyuma ya rundo la fremu za zamani. Tonton alikuwa amefungua na kwenda kuchota maji. Franck aliingia bila kunyata, akachuchumaa mbele ya baiskeli yangu, akafungua kifuniko. Nikasikia hewa inatoka, psss, kidogo kidogo. Kila mara alisimamisha, akabonyeza tairi kama mwanamke anayechagua avoka sokoni, kisha akaendelea. Alikuwa anapiga mluzi. Mluzi ule ndio ulioniuma zaidi.

"Franck."

Hakushtuka. "Bon. Umeniona."

"Juu ya nini?" nilimuuliza sababu yake.

"Nilikuambia siku ya kwanza, ukanicheka mbele ya watu. Na velo ngumu ile utaanguka, Idrissa."

Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na hapo hapo nikamwona amekuwa mtu mwingine. Yule niliyekula naye nilimfuta. Mbele yangu alisimama mshindani mmoja anayetaka nafasi moja.

Jioni ile nilimpeleka mbele ya komite, yaani kamati ya mashindano. Mwenyekiti alikuwa mama Simone, mwalimu mstaafu, na wajumbe wake wote walikuwa wazee wa toleka na wa mizigo. Walimuuliza kama ni kweli anatoa hewa. Alikubali. Walimuuliza sababu. Akaeleza tena habari ya mizizi, kwamba tairi laini linaukumbatia mzizi na gumu linaruka, kwamba Bunia wote wanafanya hivyo. Wazee walicheka, halafu wakakasirika, maana waliona anawafanya watoto.

"Donc unaharibu velo ya mwenzako, unakuja kutufundisha pneu?" mzee mmoja alisema.

Walimtoa kwenye mashindano zikiwa zimebaki siku mbili. Franck aliweka namba yake ya kitambaa mezani, akaikunjua vizuri isiwe na mikunjo.

"Idrissa, course njema," aliniambia, kunitakia mashindano mema.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nililigeuza neno lile, nikitafuta kejeli ndani yake. Sikuipata, na kutoipata kulinitia wasiwasi kuliko kama ningeipata.

Asubuhi ya mashindano mvua ilinyesha, ikakoma saa mbili. Nilipampu mpaka kidole gumba hakikuweza kubonyeza chochote. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye mstari, wote watu wa toleka na wa madumu, wote na matairi ya jiwe, na tulitazamana kwa dharau sawasawa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi hata la rafiki sikulisikia. Kwenye mizizi ya kwanza baiskeli iliruka ikanitupa kwenye majani. Kwenye magogo ikateleza, nikaingia kijitoni mpaka kiunoni. Mbele yangu na nyuma yangu wenzangu nao walikuwa wanaanguka, unasikia tu vishindo na watu wakitaja majina ya mama zao. Mzunguko wa pili nilikuwa wa sita. Nikashuka Ngazi, gurudumu la mbele likagonga mzizi likakataa kukaa, nikabingirika mpaka chini, kwenye kamba waliposimama watazamaji.

Franck alikuwa amesimama pale, mikono juu ya kamba. Hakuvuka. Hakusema neno, maana mtu wa nje haruhusiwi kumsaidia mshindani. Aliinua mkono tu, akabana kidole gumba na cha shahada, kama mtu aliyeshika valvu.

Nilijua anachosema, na mawazo yangu yalikwenda palepale yalipozoea. Anataka nimalize juu ya rimu. Anataka kulipiza mbele ya watu wote. Nilimkazia macho nikitafuta kile nilichokuwa nakitafuta kwa majuma matatu: tabasamu, jicho la pembeni, chochote. Nikaona uso wa fundi anayelazimika kutazama kazi ikiharibiwa. Alikuwa anaumia. Alikuwa anaumia kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyemweka nyuma ya kamba ile.

Nikachuchumaa kwenye matope, nikafungua valvu. Psss. Nikabonyeza, nikatoa tena. Halafu la nyuma. Watazamaji walipiga kelele kwamba nimepata wazimu.

Mzunguko wa tatu mizizi ilikuwa ileile, lakini baiskeli haikuruka. Nilisikia tairi likijibonyeza chini yangu, likishika, likiachia. Nilikumbuka ile Jumanne niliyojisifu. Nikampita wa tano na wa nne kwenye magogo, wa tatu nikamkuta anatafuta kiatu chake, wa pili nikampita mzunguko wa nne. Mzunguko wa mwisho nilimpita wa kwanza kwenye Ngazi, na nikashinda kwa urefu wa baiskeli mbili.

Nilimwendea mama Simone kabla sijanawa uso. Nikamwambia Franck alikuwa anasema kweli, wamrudishe, hata kama ni kumpeleka Kinshasa pamoja nami.

"Jina inaenda moja, baba. Na ungesema kabla, si leo."

Kwenye kamba Franck hakuwepo tena. Nilimkuta Jumatatu kwenye kituo cha toleka, anafuta kiti cha abiria.

"Nafasi ilikuwa moja," nilimwambia. "Juu ya nini ulikuwa unanisaidia?"

"Kushinda mutu mwenye anaanguka ye peke yake, ile iko course gani?" alisema, bado anafuta. "Nilitaka tukimbie, mie na weye."

"Nisamehe, Franck."

"Siko na hasira. Lakini vile uliniangalia siku ile mbele ya komite, sitaki tena kuangaliwa vile." Mama mmoja akapanda na kikapu chake, na Franck akakanyaga pedali.

Ndege yangu inaondoka uwanja wa Bangboka baada ya siku tisa. Bado nafanya mazoezi, na baiskeli bado inalala kwa tonton Zakaria. Kila jioni nayapampu matairi hadi yawe jiwe, ingawa sasa najua, kisha nafunga uzi mwekundu kwenye valvu, fundo legevu ambalo hata mtoto angelikata. Tonton ananiona, anaendelea kukusanya spana zake.

Asubuhi nafika mapema kuliko wote, nachuchumaa, natazama. Uzi ni mzima: Franck hakuja. Naufungua, natoa hewa mwenyewe, na sijui kamwe kama nimefika nusu au nimepita.